Nimenunua kipima umbali mara mbili, na cha kwanza kilikuwa hasara

Naishi Columbus, Ohio, na huu ni msimu wangu wa nne wa kuwinda kulungu kwa upinde. Nasema kulungu kwa kukosa jina bora. Huyu wa huku mwenye mkia mweupe si yule kulungu wa kwetu. Dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Waswahili wenzangu wanaojua ninakopotelea kila Jumamosi huniuliza swali lile lile: hicho kidude cha leza cha kupimia umbali kina faida, au ni Wamarekani tu na mambo yao?

Msimu wa kwanza sikuwa nacho. Nilikuwa nimefanya kozi ya uwindaji salama, nimelipia leseni, na majira yote ya joto nilikuwa nimelenga shabaha nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa kazini, huyo aliyeniingiza kwenye mambo haya. Pale uani kila umbali ulikuwa na kigingi chake: yadi 20, 30, 40 (yadi moja haifiki mita moja, ni kama sentimita 91). Nilipiga vizuri hadi nikaanza kujisifu.

Oktoba ikanikuta kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Ohio, nimekaa chini ya mwaloni. Kulungu jike akatokea ng'ambo ya korongo dogo. Macho yangu yakasema yadi 30. Kwenye upinde kuna pini za kulengea, kila moja na umbali wake; nikaweka ya 30 nyuma ya bega, nikaachia. Mshale ukapita chini ya tumbo na kuzama kwenye majani makavu. Yeye akaruka mara mbili, akasimama, akageuka kutazama ni nini kimepita, kisha akaenda zake wala hana haraka.

Jioni mzee akaja na kipima umbali chake, tukasimama pale pale. Kikasoma 40.

Korongo ndilo lililonidanganya. Jicho likikosa ardhi ya kufuata kati yako na mnyama, linaruka lile pengo kana kwamba halipo. Nimejaribu tena mara nyingi tangu siku hiyo: kwenye uwanja tambarare nakosea yadi mbili tatu, lakini kuvuka bonde, au magharibi mwanga ukififia, nakosea hata kumi.

Mimi ni Mkamba wa Kitui. Babu yangu aliwinda kwa upinde miaka mingi kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hakupima chochote. Nilipomsimulia mjomba kwa simu habari ya leza, alicheka hadi akakohoa. Lakini mishale ya babu ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti. Akimpata mnyama pajani, sumu ilimalizia kazi. Kigumba changu hakina sumu, kinaua kwa kukata tu, na lazima kipite kwenye mapafu au moyo. Eneo hilo kwa kulungu wa huku lina upana wa sentimita 20 hivi, kama sahani ndogo. Ukilenga katikati, una sentimita 10 za kukosea juu na 10 chini.

Upinde wangu ni ule wa kisasa wenye magurudumu, unarusha mshale kama mita 85 kwa sekunde. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Kulungu akiwa yadi 25 nawe ukadhani ni 20, mshale unashuka sentimita 7 hivi chini ya ulipolenga, bado umepata. Akiwa 35 ukadhani 30, sentimita 10; uko ukingoni. Akiwa 45 ukadhani 40, sentimita 13, na hapo unamjeruhi mnyama atakayekwenda kufia usikomjua. Kwa hiyo wanaosema kifaa hiki hakina haja wanasema kweli, mradi wasivuke yadi 20.

Sasa hasara yangu. Mwaka wa pili niliona kipima umbali kwa bei ya kutupa, dola 80, nikakinunua bila kusoma vizuri. Kilikuwa cha wacheza gofu. Nilidhani leza ni leza. Kumbe cha gofu kimeundwa kushika kitu kilicho karibu zaidi, kwa sababu mchezaji anataka bendera na si miti iliyo nyuma yake. Porini unataka kinyume chake: kiruke vijiti na nyasi zilizo mbele, kikusomee mnyama aliye nyuma. Changu kilinisomea kila tawi. Kulungu amesimama wazi kabisa, chenyewe kinaniambia yadi 9.

Halafu kilikuwa kinatetemeka kikishapata shabaha, ili mchezaji ajue. Mtetemo wenyewe una mlio. Asubuhi ya baridi, msitu umetulia, kidude kikalia *drrr* mkononi mwangu. Kulungu aliinua kichwa kabla sijasoma namba.

Na kingine: namba zake zilikuwa nyeusi. Saa nane mchana unazisoma vizuri. Lakini sheria ya Ohio inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na saa hizo za kagizagiza ndizo kulungu hutembea. Namba nyeusi juu ya kichaka cheusi, utasoma nini? Nilimuuzia jirani anayecheza gofu kwa dola 50, na yeye anakipenda sana.

Cha pili ni cha uwindaji, nilinunua dola 230. Namba ni nyekundu, zinawaka, na mwanga wake unapunguzika. Hakilii. Tangazo lilisema kinapima zaidi ya yadi 1,000, lakini hiyo ni kwa kitu kinachorudisha mwanga vizuri. Manyoya ya kulungu hayarudishi kama kibao cha barabarani. Haidhuru, mimi sipigi zaidi ya 40. Ukungu ukiwa mzito bado kinababaika, na hilo sitalificha.

Wauzaji husifia sana uwezo wa kurekebisha mwinuko: leza hupima mstari wa macho, lakini ukipiga kwa kuinamia au kuinukia, mshale hushuka kwa kadiri ya umbali wa ulalo tu, ambao ni mfupi zaidi. Nikiwa kwenye ulingo mita 6 juu ya mti, na kulungu yuko mita 18 kutoka shinani, mstari wa macho yangu ni mita 19. Tofauti ni mita moja, huwezi kuiona kwenye mshale. Anayewinda kwenye mashamba tambarare ya mahindi asilipie kitu hicho. Lakini kwenye mteremko wa nyuzi 35, leza inayosoma yadi 40 inamaanisha upige kama ni 33. Huko kwenye vilima ndiko nilikoona pesa yangu imefanya kazi.

Jambo lililonichukua muda kujifunza ni kwamba kifaa hiki hakitumiki kulungu akishafika. Mwaka wa tatu nilimpima mmoja vizuri kabisa, 26, kisha nikakirudisha kwenye mfuko unaofungwa kwa utepe wa kunata (velcro). *Kraaa!* Msitu mzima ulisikia. Siku hizi nikishakaa ulingoni napima kwanza kila kitu kilichonizunguka: mwaloni uliopinda 22, kisiki 31, jiwe lenye kuvu 38. Nayarudia kimoyomoyo kama mtoto wa madrasa, kisha kifaa naking'iniza shingoni ndani ya koti. Novemba, wakati madume wamepagawa kufukuzana na majike, jike alikuja akasimama hatua mbili kabla ya kisiki. Mkono wangu haukwenda shingoni, ulikwenda kwenye upote. Alikimbia kama yadi 60 akaanguka. Nyama ilitufikisha Machi.

Kwa hiyo ukiniuliza: kama una ulingo mmoja unaokaa miaka yote na njia ya kulungu inapita yadi 20 mbele yako, okoa pesa zako, pima kwa kamba na upige vigingi. Kama unahamahama, au unawinda vilimani, nunua, na kiwe cha uwindaji chenye namba zinazowaka. Usikifunge kwenye upinde kabla ya kusoma kanuni za jimbo lako, maana kuna majimbo yasiyoruhusu kifaa cha umeme juu ya upinde. Betri yangu ni ya aina iitwayo CR2, na ya akiba naiweka mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi ya Januari huidhoofisha.