PS2 ya mtumba na gemu kali nilizozipata kwa bei ya chenji: uzoefu wangu

Wadau, leo naandika kuhusu PS2, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, ndio, ileile ya zamani, na hasa gemu nilizoziokota humo kwa bei ya kutupa, maana mpaka leo sijapata gemu ya hela nyingi iliyoniingia moyoni kuzidi zile. Najua siku hizi habari ya mjini ni PS5, gemu kubwa mpya kule Marekani inauzwa dola 70, ukiipiga kwa hela yetu inazidi kodi ya chumba cha mtu uswahilini ya mwezi mzima, na mwenye nazo anunue tu afurahi, ila kama bajeti yako ndogo au unatafutia watoto kitu cha kuchezea nyumbani nakuomba usome hii.

Mashine yenyewe nilichukua Kariakoo, used, slim nyeusi, ikaja na padi mbili na zile nyaya za njano nyeupe nyekundu. PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na Sony wakaendelea kuitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013, zimeuzwa zaidi ya milioni 150 dunia nzima, sasa hebu fikiria mzigo wa namna hiyo ukianza kuingia sokoni kama mtumba, ndo maana kila kibanda cha gemu kitaani kilikuwa nazo tatu nne zimepangwa kwenye benchi na TV za chogo. Yangu ilikuwa imeshachipiwa, kwa hiyo inasoma CD za kuchoma, na kwa kweli wakati ule CD orijino hata ungezitaka ungezipata wapi.

Gemu niliyokwenda kuitafuta siku hiyo ilikuwa Winning Eleven, gemu ya mpira, ile waliyoipachika usajili wa msimu mpya, kila mtu alikuwa anaulizia hiyo tu. Nikaipata, nikatoa hela, muuzaji akapekua mfukoni, akapekua droo, akaniambia "kaka chenji sina, chagua CD moja humo tumalizane." Humo ni kwenye boksi la chini ya meza, CD hazina kava, ziko kwenye vinailoni, nyingine imeandikwa jina kwa markapeni nyingine haina hata jina. Nikapekua pekua nikakuta moja imeandikwa FARASI, herufi kubwa, basi. Nikaichukua hiyo hiyo.

Usiku tulicheza mpira mpaka tukachoka, mimi na mdogo wangu na majirani wawili watatu waliozoea kuja, halafu dogo akasema kaka weka na hiyo ya farasi tuione. Ikaanza. Hakuna kelele, hakuna maneno, kijana yuko juu ya farasi mweusi anapita njia nyembamba pembeni ya korongo usiku, amempakata msichana aliyefunikwa shuka, halafu daraja refu sana, refu mpaka unajiuliza linaishia wapi, halafu hekalu. Chumba kizima kimya, na hao ni watu ambao dakika tano nyuma walikuwa wanapigana makelele kuhusu penalti.

Baadaye sana ndo nilikuja kujua inaitwa Shadow of the Colossus, ya mwaka 2005, mkurugenzi wake anaitwa Fumito Ueda, muziki kapiga Kow Otani. Sisi tuliiita Farasi na kitaani kwetu mpaka leo inaitwa Farasi.

Sasa niseme kwa nini ni bonge la gemu. Yule msichana amekufa, kijana amemleta hekaluni amwombee arudishiwe uhai, sauti inamjibu kutoka juu kwamba inawezekana lakini nenda kaue majitu 16 yaliyoko kwenye hii nchi. Basi hiyo ndo gemu yote. Hakuna vijiadui vidogo vya kupiga njiani, hakuna mji, hakuna duka la kununua silaha, una upanga, upinde na farasi anaitwa Agro. Ukinyanyua upanga juani mwanga unajikusanya unakuonyesha upande wa kwenda, ukiwa kivulini mwanga haupo, inabidi utoke uende kwenye uwazi kwanza. Dogo alikuwa anauliza "kaka maadui wako wapi?" na mimi naendesha tu farasi kwenye mabonde matupu, jangwa, magofu, upepo unavuma, muziki hamna, unasikia kwato.

Halafu unakutana na jitu la kwanza. Linapita tu, halijakuona, mguu mmoja ni ghorofa, na lina manyoya nyuma ya mguu, unalifuata kwa nyuma, unaruka, unashika manyoya kwa R1, kile kitufe cha juu kulia kwenye padi, na hapo ndipo utamu ulipo: R1 huachii. Kidole kiko hapo hapo, ukiachia umedondoka. Kuna kiduara cha pinki chini pembeni kinapungua kadiri unavyoshikilia, hizo ndo nguvu za mikono yako, jitu linajitikisa na wewe umening'inia hewani unayumba utadhani konda mlangoni daladala ikikata kona, unasubiri litulie upande tena kidogo, unafika kwenye alama inayowaka nyuma ya mguu unachoma, linapiga goti, unapanda mgongoni mpaka kichwani. Na muziki! Ukianza kulipanda muziki unabadilika unapanda na wewe. Kile chumba chetu watu walikuwa wamesimama. Kuna jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuja kumwita mtoto wake akale, akabaki mlangoni na mwiko mkononi mpaka jitu likaanguka.

Likianguka sasa, hushangilii. Muziki unakuwa wa msiba kabisa, jitu linazima taratibu, na unajisikia umeua kitu ambacho hakikukukosea. Kuna lile la 13, la jangwani, linaruka angani mrefu mrefu mwili wake hauishi, lile halikushambulii hata kidogo, ni wewe ndo unalitungua mifuko ya hewa tumboni kwa mishale, linashuka, unakimbizana nalo na Agro mchangani mpaka unarukia bawa lake. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye gemu, na papo hapo unakichoma upanga. Dogo siku ile aliniambia "kaka hili tuliache." Alikuwa na miaka tisa hivi. Sijawahi kuona gemu nyingine inamfanya mtoto wa kiume wa miaka tisa amwonee huruma adui.

Kitu ambacho nataka watu wakielewe ni hiki. Kwenye gemu nyingi za stori sisi tulikuwa tunakosa nusu ya utamu kwa sababu ya Kiingereza, mtu mmoja anayekijua kidogo ndo anakuwa mkalimani, wengine wanabonyeza tu maongezi yapite haraka wafike kwenye kupigana. Farasi haina hilo tatizo, maneno yake ni machache mno, na hata hayo machache wanaongea lugha ya kubuni ambayo hakuna mtu duniani anaiongea, maandishi kidogo chini basi. Kwa hiyo mtoto wa kijijini kwetu, mwanafunzi wa chuo, mtoto wa Japani, wote mnaanza sawa. Tulielewa huzuni ya yule kijana bila kusoma sentensi hata moja. Mwisho wake sitausema, ila kuna kitu kinatokea kabla hujafika kwa jitu la mwisho, wanaojua wanajua, chumba kizima kilinyamaza na mtu mmoja akatoka nje.

Kasoro zipo na ntazisema. Kamera inasumbua, unataka kuangalia juu yenyewe inakurudisha chini, hasa ukiwa karibu na ukuta. PS2 yenyewe inazidiwa, jitu likianza kukimbia picha inakuwa nzito, inakatakata. Agro naye si gari, ukimwambia kata kushoto anachukua muda wake, wengine wanachukia hilo, mimi nalipenda kwa sababu ndo lilimfanya awe kiumbe hai kwangu. 2018 walitoa upya kwa PS4, kazi ya studio ya Bluepoint, nimeicheza kwa mshikaji wangu, picha ni hatari, majani yanaonekana moja moja na ni laini haikwami, kama una PS4 tayari chukua hiyo bila kuuliza. Lakini ile ya zamani ina ukungu fulani na mwanga mkali unaotoboa macho, ambao mimi bado nauona bora zaidi.

Nyongeza nyingine kwenye boksi lile lile, maana baada ya Farasi nilikuwa narudi pale makusudi kupekua, ni Urban Reign, gemu ya ngumi. Hii wa kitaani mnaijua, ya kampuni ya Namco, nayo 2005. Steringi anaitwa Brad Hawk, kaajiriwa na dada mmoja Shun Ying aingie mtaani apige watu, misheni 100, na kusema ukweli stori yake hakuna anayeikumbuka. Ila mikono! Unachagua upige kichwa, kifua au miguu, na ukimpiga mtu sehemu moja mfululizo inadhoofika kweli, kuna muda muhimu wa kukwepa na kugeuza kipigo kama una jicho, na mkiwa wawili dhidi ya wawili hakuna gemu ya ngumi iliyonipa mzuka ule. Wakosoaji wa nje waliipa alama za kawaida tu ilipotoka, nadhani waliicheza peke yao sebuleni. Gemu hii ni ya kibandani, watu kumi nyuma yako wanakupa maelekezo, mwingine kashika jero yake anasubiri zamu, halafu anatokea adui mmoja anaitwa Golem na ule mwili. Ukifika mwishoni huko wanakuja Paul na Law, wapiganaji wa gemu nyingine ya Tekken kabisa, siku ya kwanza tulipowaona tulidhani CD imechanganyika.

Na Downhill, yaani Downhill Domination ya 2003, baiskeli za mlimani, unashuka huku unampiga mwenzako mateke. Sina mengi, ni furaha tupu, wekea watoto halafu nenda kapike.

Sasa kwa anayetaka kununua PS2 leo. Cha kwanza lenzi, usikubali kuondoka dukani bila kuona gemu inafunguka mpaka ndani, si menyu tu, lenzi iliyochoka inaonyesha menyu vizuri halafu inagoma katikati. Cha pili memori kadi ya kuhifadhia ulipofikia kwenye gemu, ile ya MB 8 inatosha kabisa, na usijidanganye utanunua baadaye. Sisi mwanzoni hatukuwa nayo, tulikuwa tunaacha mashine inawaka usiku kucha, tunazima TV tu na kufunika kale kataa ka PS2 kanakowaka kwa kitambaa ili mzee asione, na siku umeme ulipokatika tuko jitu la tisa, kilio chake sitaki hata kukumbuka. Cha tatu padi, bonyeza R1 pale pale dukani, padi nyingi za mtumba R1 imelegea na bila R1 Farasi huichezi.

Kuna wanaouza PS2 za flashi, gemu ziko kwenye flashi unachomeka unacheza, ni rahisi na inaokoa lenzi, nami naitumia sasa hivi. Ila jua kwamba tundu la USB la PS2 ni la zamani, la 1.1, liko taratibu, kwa hiyo zile video za katikati ya gemu kwa nyingine zinakwamakwama na sauti inakatika. Na slim za mwisho mwisho kabisa, za namba 90000, nyingi hazikubali ile memori kadi ya kuwashia flashi, soma namba nyuma ya mashine kabla hujalipa. Kwenye flati skrini picha itakuwa na ukungu, TV ya chogo kama bado mnayo stoo itoeni, ndiyo iliyotengenezewa.

Nyota natoa tano kwa mashine, tano kwa Urban Reign, Farasi nampa tano pia pamoja na kamera yake.

Kwa sasa natafuta Ico, ya 2001, timu ile ile ya Ueda kabla hawajatengeneza majitu, kijana mwenye pembe anamshika msichana mkono wanatoroka ngome. Ya flashi ninayo, nataka CD. Kama kuna mtu ana boksi la zamani chini ya meza, awe Dar, Mwanza, Mombasa, popote, apekue humo aniambie, nauli ya kifurushi juu yangu.