Pingu za Peerless 700C: chuma ni kizuri, kazi iko kwenye kufuli la pili

Askari akikabidhiwa pingu mpya hukagua jambo moja tu: zinafunga? Za Peerless 700C zinafunga, tena barabara. La kuuliza ni hali ya aliyefungwa baada ya nusu saa, mikono ikiwa mgongoni, amekalia kiti cha gari. Hapo ndipo pingu hizi zinapostahili sifa, na hapo hapo ndipo mafunzo duni yanapoziharibia jina.

Ni pingu za mnyororo mfupi, chuma cha kaboni kilichopakwa nikeli, uzito gramu 280 hivi. Muundo wake unatokana na hataza ya mwaka 1912, iliyoleta mkono wa pingu, yaani upinde wa chuma wenye meno, unaozunguka na kupenya katikati ya mabamba mawili. Pingu za kabla ya hapo zikijifunga kwa bahati mbaya zilisubiri ufunguo. Hizi ukizisukuma kupita kiasi kabla hazijashika mkono wa mtu, mkono wa pingu hutokea upande wa pili na unaanza upya papo hapo. Katika purukushani, sekunde hizo ni nyingi.

Ufungaji wenyewe hauhitaji mabavu. Mkono wa pingu uwe umeingizwa tayari, yabaki meno mawili hivi kabla haujapenya. Uegemezwe juu ya kifundo cha mkono, kati ya nundu ya mfupa na kiganja, kisha usukumwe kwa mgandamizo. Wanaopiga pingu kama nyundo ndio wanaochubua nundu ile, na maumivu hayo humfanya mtu avute mkono. Askari husema amekaidi, kumbe ameumia. Viganja vitazame nje, matundu ya ufunguo yawe upande unaofikika. Pingu isifungwe juu ya saa, bangili au mkunjo wa shati: kitambaa kikichomoka, pingu inalegea na mkono mwembamba unateleza.

Sasa kufuli la pili, linalozuia pingu isiendelee kukaza. Pingu ikiwa na kufuli la kwanza tu, meno yanakwenda upande mmoja: hairudi nyuma, ila inaweza kuendelea kukaza. Mtu akiegemea kiti, uzito wake mwenyewe unaongeza jino, kisha jingine. Upande wa kidole gumba kuna neva inayopita juu juu ya mfupa, chini ya ngozi tu. Ikibanwa, mgongo wa kidole gumba unashikwa na ganzi inayoweza kudumu miezi. Dawa yake ni kijipini kilicho mwishoni mwa ufunguo. Pima kwanza nafasi kwa ncha ya kidole kati ya chuma na ngozi, kisha bonyeza kijipini kwenye kitundu cha ubavuni, halafu sukuma mkono wa pingu. Ukisikia mlio wa jino, hujafunga. Kwenye 700C kitundu hicho ni kidogo, na usiku wenye glavu kinasumbua. Hiyo ndiyo lawama yetu kubwa kwa bidhaa hii, na ndiyo sababu zoezi la kufuli la pili lifanywe gizani mpaka vidole vizoee.

Kwa doria ya kawaida tunapendekeza pingu za mnyororo kuliko zile zilizounganishwa kwa bawaba. Bawaba inazuia vifundo kujipinda, kwa hiyo udhibiti ni mkubwa zaidi, lakini mtu mwenye mabega mapana au bega bovu anateseka. Kwa mtu kama huyo unganisha jozi mbili za mnyororo, mikono ipate nafasi. Mwenye vifundo vinene, ambaye meno yanashika moja au mawili tu, anahitaji saizi kubwa. Kulazimisha hii ni kumjeruhi. Ufunguo wake unaingia kwenye pingu nyingine nyingi za kawaida: unarahisisha kukabidhiana mtuhumiwa, na ndiyo maana upekuzi usiachwe hata kama mtu ameshafungwa.

Ununuzi wa pingu bila sera inayoeleza dakika zinazofuata ni nusu ya kazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu zinataka nguvu ilingane na uzito wa kosa, na aliyeumia apate tiba haraka iwezekanavyo. Mwaka 1995 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa waraka kuhusu watu wanaokosa hewa kwa sababu ya mkao, ikashauri mtu aondolewe kifudifudi mara tu anapofungwa pingu. Miaka 25 baadaye, mjini Minneapolis, Marekani, George Floyd, aliyeuawa na polisi, alikuwa tayari amefungwa pingu huku akigandamizwa kwa dakika 9 na sekunde 29. Pingu zilikuwa zimemaliza kazi yake. Aliye kifudifudi huku mgongo umegandamizwa, kifua chake hakina pa kutanukia. Anayegeuka na kutapatapa huenda anatafuta pumzi, na kumwongezea uzito ni kumuua. Kwa hiyo hatua ni tatu, bila kituo kati yake: funga, kufuli la pili, mgeuze ubavu au mkalishe. Askari mmoja apewe kazi ya kuangalia pumzi na kuongea na mtu huyo, asishike kingine.

Matunzo ni mepesi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, tia tone la mafuta mepesi kwenye ulimi wa ndani. Grisi nzito hukusanya mchanga na meno yanaanza kuruka. Dawa kali za klorini zinakula nikeli. Jozi za mazoezi zitiwe alama na zisirudi doria, maana mkono wa pingu uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi hulegea kwenye ribiti.

Wakati wa kufungua, ufunguo uzungushwe kwanza upande wa kuachia kufuli la pili, kisha kinyume chake. Anayelazimisha upande mmoja atakunja ufunguo, mtu akiwa bado ndani. Kabla hajaachiwa, tazama vifundo vyote viwili, muulize kama kidole gumba kina ganzi, na andika saa ya kufunga na ya kufungua.