Theluji ya kitabuni na kanzu ya mjomba: miezi minane nikijifunza kupiga picha

Kamera yangu niliinunua mkononi mwa mtu: Canon EOS 1300D na lenzi yake ya 18-55, bila boksi wala kijitabu. Aliyeniuzia alinipa somo moja tu: "Weka kwenye ile A ya kijani, bonyeza." Nikabonyeza mwaka mzima. Picha nyingine zilitoka vizuri, nyingine ovyo, na sikuweza kueleza sababu ya hizi wala ya zile.

Kilichonipeleka kwenye vitabu ni aibu. Siku ya nikaha ya binamu yangu nilijitolea kupiga picha barazani. Ilikuwa mchana, ukuta wa chokaa nyuma, wazee wamekaa na kanzu zao. Bibi alipoonyeshwa zile picha akasonya. "Kanzu ya mjomba wako nimeifua kwa mikono yangu, na bluu nikatia. Wewe umeifanyaje ikawa ya kijivu?" Nyuso nazo zilikuwa giza tupu, mjomba alitambulika kwa kofia.

Basi nikashuka Posta, katikati ya Dar, kwa wauza vitabu vya mitumba, nikavutana na kijana mmoja mpaka akanipa viwili kwa shilingi 15,000. Vyote vya Kiingereza. Majina siyataji, maana ukianza kutafuta vitabu vya aina hii utakutana na ndugu zao kila mahali.

Cha kwanza nakiita kitabu cha mapishi. Kila ukurasa una picha nzuri na vipimo vyake chini: f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/250 (muda wa kuingiza mwanga, sehemu ya sekunde), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Unaweka hivyo hivyo, picha inatoka nyeusi. Vile vipimo ni vya mwanga wa siku ile, pale pale aliposimama mwenyewe. Nilihangaika nacho wiki mbili. Nilichobaki nacho ni namna ya kushika kamera, viwiko vibane ubavuni na pumzi uitoe kabla ya kubonyeza. Hilo kweli linasaidia.

Cha pili ni kinene, cha zamani za kamera za megapikseli 6, na jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Hiki ndicho kilichonifundisha. Kila sura inaishia na zoezi, na mwandishi hakuachii: rudi nje, piga hiki hiki mara tano, badilisha kitu kimoja tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini f/4 ni tundu kubwa kuliko f/16. Zile ni sehemu. Robo ya mkate inashinda moja ya kumi na sita ya mkate, na mtoto wa darasa la nne anajua. Mwaka mzima nilikuwa naisoma ile namba kichwa chini miguu juu.

Zoezi la kufuatisha chombo kinachokwenda nililifanyia kwenye basi la mwendokasi, Barabara ya Morogoro, saa saba mchana. Kitabu kinasema shata 1/30, usogeze kamera pamoja na basi. Nikaweka ISO 100, nikabana tundu mpaka f/22, na picha ikatoka imepauka. Nikadhani kamera ina kasoro. Usiku nikarudi kwenye sura ya nyuma niliyoiruka: jua likiwa kali, f/16 inakwenda na shata inayolingana na ISO, yaani 1/100 kwa ISO 100. Kwa f/22 ni 1/50. Mimi nilikuwa nimeingiza mwanga karibu mara mbili ya unaotakiwa. Kesho yake nikaenda saa kumi na mbili kasorobo jioni, na baada ya kubonyeza kama mara sitini nikapata moja: basi limetulia, barabara yote imekuwa mistari.

Sasa theluji. Sura nzima ni ya theluji, nami nusura niiruke, kwani Dar theluji ya nini? Niliisoma kwa sababu umeme ulikatika na sikuwa na la kufanya. Mwandishi anasema kipimamwanga cha kamera hakijui rangi ya kitu. Kinachukulia kila unachokielekezea ni kijivu cha kati, kisha kinakupimia hivyo. Ukipiga theluji, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, theluji inakuwa ya kijivu. Nilikaa kitako kitandani. Kanzu ya mjomba! Ukuta wa chokaa! Dawa ni kuiongezea kamera mwanga kwa makusudi, +1 (hatua moja, yaani mwanga mara mbili) au zaidi. Na kinyume chake ni kweli: shangazi akivaa buibui jeusi akaijaza fremu, kamera itaongeza mwanga mpaka buibui lifanane na nguo iliyochuja, basi unaishusha, -1.

Ila hapo hapo ndipo kitabu kinaponiudhi. Watu wote waliomo ni weupe, na kinaagiza upime uso kisha uongeze hatua moja. Jaribu hivyo kwa uso wa mjomba wangu uone: anatoka kama aliyejipaka vumbi la unga. Tena kinasisitiza upime nukta moja ndogo ya uso, na kamera yangu haina kipimo hicho. Ina kile cha sehemu ya katikati tu, inabidi usogee karibu. Kilichoniokoa ni mistari miwili iliyobanwa pembeni: pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule, ongeza +1, funga vipimo. Kiganja changu hakipishani sana na cha Mzungu. Mistari miwili! Kwangu ilistahili sura.

Pana mengine ya kuvumilia. "Saa ya dhahabu", ule mwanga laini jua linapokaribia kuzama, wanaisimulia kana kwamba jua linakungoja. Huku kwetu halizami, linadondoka. Ukikawia kufungua mkoba, magharibi imeshaadhiniwa. Lenzi ya 50mm wanaisifia kwamba inaona kama jicho, lakini kwenye kamera yenye kihisi (kile kinachopokea picha ndani) kidogo kama yangu unazidisha kwa 1.6, inakuwa kama 80mm, na katika chumba cha Kariakoo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse kabati. Onyo la kitabu la kutopita ISO 800 limepitwa na wakati. Mimi napiga 1600 usiku, chenga zipo lakini zinavumilika. Sura za programu za kompyuta usizisome kabisa.

Kitu kingine, na hiki ni cha bure: kijitabu cha kamera yenyewe. Cha kwangu nilikipakua kwenye tovuti ya Canon, nikawa nacho kwenye simu. Kitabu kinasema "ongeza +1", kijitabu kinakuonyesha ubonyeze wapi. Kimoja bila kingine nilikuwa nakwama.

Idi iliyopita mjomba alikaa barazani pale pale, ukuta ule ule. Nikapima kiganja, nikaongeza. Bibi aliisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. "Kofia imekaa upande," akasema, na kanzu hakuitaja.

Kile cha mapishi nimeshakigawa. Kinene siazimishi, anayekitaka aje akisomee kwangu, na kamera yake aje nayo.