Vidole Vyangu Havikuwa na Kosa

Haya ni maoni yangu kuhusu gita nililonunua na duka lililoniuzia. Naanza na yule muuzaji, kwa sababu gita lenyewe nitalisema baadaye na kwa roho nyingine. Nilirudi dukani kwake nimelibeba mgongoni, wiki kama ya tano au ya sita tangu aniuzie. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vimechubuka, kimoja kimetoka lengelenge na limepasuka. Nikamwambia kwa upole, kaka, kuna kitu hakiko sawa kwenye hili gita, naomba ulitazame. Hakulitoa hata kwenye mfuko. Alinishika mkono, akaugeuza mbele ya wateja wengine wawili, akasema: "Mama, vidole vyenyewe ndivyo hivi? Gita linataka vidole vya kijana. Mpe mwanao apige, wewe usikilize."

Wale wateja walicheka. Mimi nilitoka.

Nataka ieleweke kwamba nilimwamini. Sikutoka pale na hasira, nilitoka na aibu. Nimelitamani gita tangu nikiwa msichana, miaka ikapita kwa kusomesha watoto na mambo mengine, na siku nilipolinunua nililiweka kitandani nikakaa kulitazama kama mtu aliyeletewa mgeni. Kwa hiyo mtu anayeuza magita kila siku akiniambia vidole vyangu havifai, nani mimi wa kubisha? Nilifika nyumbani nikaliegemeza nyuma ya mlango, na likakaa pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ubaya wa maneno yake ni kwamba yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanaingia. Gita linauma mwanzoni. Kila anayelipiga atakuambia hivyo na hakudanganyi. Nyuzi za chuma zinakata ngozi laini, na inabidi vidole viote sugu, jambo linalochukua wiki kadhaa za kupiga kidogo kidogo kila siku. Nyuzi sita za chuma zikishakazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na ni nguvu hiyo unayoshindana nayo kwa ncha ya kidole. Hayo yote niliyajua na niliyakubali. Maumivu ya ngozi hayakunisumbua, kwa kuwa yalikuwa yanapungua. Yaliyonisumbua ni mengine, yale ya shina la kidole gumba na kiwiko cha mkono, ambayo kila siku yalizidi. Mazoezi ya dakika kumi na tano yaliniacha siwezi kufungua kifuniko cha chupa. Haya hayaitwi kuzoea, na mtu yeyote wa kazi hiyo angepaswa kuyatambua nilipomweleza.

Halafu kulikuwa na sauti. Hapa ndipo nilipoumia zaidi kuliko kwenye vidole.

Nilikuwa nalityuni kila siku kwa programu ya simu, uzi mmoja mmoja, kuanzia E ya chini mpaka E ya juu, sindano inasimama katikati. Nyuzi zikiwa wazi, zilikuwa safi kabisa. Nikipiga kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ya E ndogo, ile inayotumia vidole viwili kwenye freti ya pili, freti zikiwa ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ilikuwa inavumilika. Lakini nikienda kwenye C, ambayo kidole cha shahada kinabonyeza uzi wa B kwenye freti ya kwanza, ilitoka chungu. Ilichacha. Nabonyeza zaidi, inachacha zaidi. F ndiyo usiseme, ile ya kulaza kidole kizima juu ya nyuzi zote sita: nyuzi mbili zinalia, moja inakwaruza, nyingine kimya kabisa. Nikaanza kuamini kwamba sina sikio la muziki. Mtu akishaamini hivyo, haendelei. Mimi ninayeimba tangu utotoni, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini nikiwa jikoni ili watu wasinisikie.

Aliyeniokoa ni fundi. Mzee mmoja anayetengeneza vyombo vya nyuzi, nilielekezwa kwake na jirani ambaye alitaka kulinunua lile gita kwa kuwa ameona silipigi. Akataka kwanza mtu mwenye ujuzi alitazame. Kwa hiyo nililipeleka ili niliuze. Naandika haya na bado mwili unanisisimka nikikumbuka nilikuwa nimekaribia kiasi gani.

Nilimwamkia mzee, akaitikia, akaniuliza kwa nini naliuza. Nikamwambia, mzee wangu, vidole vyangu havifai. Akanitazama kidogo. Hakuomba kuviona vidole. Alilichukua gita, akaliinua usawa wa jicho kama mtu anayelenga kwa bunduki, akatazama kando ya shingo. Kisha akabonyeza uzi kwenye freti ya tatu na kunionyesha upenyo uliobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. "Hapa, mwanangu, pangetakiwa pabaki nafasi nyembamba kama karatasi tu." Palikuwa na nafasi ambayo hata mimi bila miwani niliiona.

Akatoa kapo, kile kibanio cha kufunga nyuzi zote kwa pamoja, akakifunga kwenye freti ya kwanza. Akanirudishia gita. "Sasa piga C yako, ihamishe tu freti moja."

Nikapiga. Ilitoka. Nyuzi zote zilisikika, tamu, bila mkwaruzo, na nilikuwa nimebonyeza kwa nusu ya nguvu niliyozoea. Mkono ni uleule, vidole ni vilevile, dakika ni ileile. Nilipiga tena, na tena, kisha ikabidi niliweke chini kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka mbele ya mtu nisiyemjua.

Alinieleza kwa utulivu, na nitayaeleza hapa kama nilivyomwelewa kwa sababu sitaki mtu mwingine apite nilikopita. Kule mwisho wa shingo, kabla nyuzi hazijaingia kichwani kwenye vikazio, kuna kijiti cheupe chenye mifereji sita. Mifereji hiyo ikiwa haijachongwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu mno. Ukizibonyeza kwenye freti ya kwanza unakuwa unazivuta kwenda chini umbali mrefu ndani ya nafasi fupi, na uzi unaovutwa hivyo unakaza, na uzi ukikaza sauti hupanda. Ndiyo maana nyuzi zangu zilikuwa safi zikiwa wazi na chungu nikizigusa. Ndiyo maana nilivyobonyeza kwa nguvu ndivyo ilivyoharibika. Kapo ilizishusha nyuzi kwenye freti ya kwanza, ikakiondoa kile kijiti kwenye hesabu, basi tatizo likaondoka nacho.

Sikio langu lilikuwa sahihi siku zote. Lilikuwa linaniambia kweli na mimi nikalikana.

Kulikuwa na kijiti cha pili, kule chini kwenye daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi juu ya kasha, nacho kilikuwa kirefu mno. Mzee alipima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, ambayo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, akapata kama milimita 3 na nusu. Akasema kwa gita la nyuzi za chuma, hasa la mtu anayeanza, iwe karibu na 2 na nusu. Na kwa kuwa pale ni katikati, ukitaka kupunguza milimita 1 huna budi kukata kama milimita 2 chini ya kijiti cha darajani. Akakichomoa, akapiga mstari wa penseli, akakisugua kwenye msasa. Shingo nayo ilikuwa imepinda kidogo kupita kiasi, akakaza chuma kilichopita ndani yake kwa robo ya mzunguko tu, akasubiri, akatazama tena. Mifereji ya kule juu aliichonga kwa tupa nyembamba, kila mfereji na tupa yake, kidogo kidogo, kila mara anarudisha uzi na kupima, maana ukizidisha uzi utagonga freti na itabidi kijiti kitengenezwe upya. Kazi nzima haikuchukua hata muda wa saa mbili. Sikuliuza gita. Jirani alielewa.

Sasa nirudi kwenye hukumu. Nilipofika nyumbani siku ile nilikuwa tayari kutoa nyota tano kwa gita, na kwa duka nisitoe hata moja. Usiku nikawa na huruma. Mzee alikuwa ameniambia kwamba magita mengi hutoka kiwandani hivyo, nyuzi zikiwa juu, kwa sababu kijiti kirefu unaweza kukikata lakini kifupi huwezi kukirefusha, na inategemewa anayeuza atamalizia kazi. Nikajiambia, pengine yule kijana hajui. Pengine naye alifundishwa kuuza tu. Anayeuza viatu si lazima ajue kushona.

Huruma hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka jambo moja. Siku ya kununua, alichukua gita lililotundikwa ukutani, akanipigia, kisha akanipa nijaribu. Lilikuwa laini. Nilibonyeza uzi kwa kidole ambacho hakijawahi kushika gita na likalia. Ndipo nikasema nalitaka. Akasema la ukutani ni la maonyesho, akaenda nyuma akaleta boksi lililofungwa. Nikauliza, ni sawasawa na hili? Akajibu, "Yaleyale, mama, kiwanda kimoja." Sasa niambieni, la ukutani nani alilishusha nyuzi? Lilijishusha lenyewe? Kuna mtu mle dukani anajua kazi ile na aliifanya kwa gita ambalo haliuzwi. Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na nilipolia kwamba mbuzi ananipiga teke nikaambiwa mikono yangu ndiyo mibaya.

Kwa hiyo nafuta huruma. Au niseme, naibakiza kwa gita peke yake, kwa sababu gita hili ni zuri mno na linanitia uchungu kuliandika kwenye ukurasa mmoja na watu wale. Lina sauti ya joto. Uzi wa A ukiupiga wazi, kasha linatetemeka mpaka kifuani. Naweza sasa kupiga nusu saa bila mkono kukaza, sugu zimeota vizuri, na F imeanza kutoka, si kila mara, lakini inatoka. Ningejua mapema, pengine ningeanza na lile la nyuzi za nailoni, ambazo mvuto wake ni kama nusu ya chuma na ni za huruma kwa ngozi. Ila usije ukalifunga gita la nailoni nyuzi za chuma ukidhani unaliboresha, utaling'oa daraja.

Wiki chache zilizopita nilirudi dukani kule. Sikwenda kugombana. Nilikwenda na gita langu, nikaomba kiti, nikapiga C, nikapiga F, nikarudi C. Nilitaka tu aone. Akatabasamu, akapiga makofi, akasema: "Umeona, mama? Si nilikuambia ni mazoezi tu?"

Hakuniambia hivyo. Aliniambia nimpe mwanangu. Nikamwambia hilo, mbele ya waliokuwepo, bila kupaza sauti ingawa mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamweleza kuhusu vijiti na ile mifereji. Akajibu kwamba wateja hawaulizii mambo hayo. Tutaulizaje kitu ambacho hatujui kama kipo? Anayeanza hajui chochote, ndiyo maana ya kuanza, na ndiyo maana anakuja kwa mtu anayemdhania anajua.

Nilikuwa nimekusudia kuandika nyota mbili kwa duka kwa kuwa gita walilonipa lilikuwa na ubao mzuri. Baada ya yale makofi, ni moja.

Nilipokuwa nafunga mfuko wangu kuondoka, msichana mmoja alikuwa amesimama karibu na boksi lililokwisha kufunguliwa, ameshika gita jipya, anabonyeza uzi wa kwanza huku amekunja uso. Muuzaji alikuwa anamwambia atazoea. Nikasogea. Nikamwambia, binti, weka kidole hapa kwenye freti ya tatu, ubonyeze, halafu inama utazame pale kwenye freti ya kwanza. Akainama, akatazama. Kisha akaniuliza, "Mama, inatakiwa iwe na nafasi kubwa hivi?"