Kivuta ndege cha kujitengenezea: uzoefu wangu kwa Cessna 172 na 206

Kivuta ndege ni kigari cha mota kinachoshika gurudumu la pua na kuitoa au kuiingiza ndege ndogo hangani, yaani kwenye banda lake. Nianze na hukumu, maana wengi mnaitaka hiyo tu. Kwa Cessna 172 kwenye sakafu ya zege kavu, kivuta hiki kinatosha na mtu mmoja anaitoa ndege na kuirudisha bila kutoka jasho. Kwa Cessna 206 yenye mafuta mengi kinateleza mpaka ukiongezee uzito. Cessna Caravan, iliyo kubwa zaidi, msijaribu kabisa.

Ni kazi ya karakana, wala hakina jina la kampuni: fremu ya bomba za mraba za mm 40 kwa 40, unene mm 3, mota ya skuta ya umeme ya volti 24, wati 350, yenye giaboksi yake, betri mbili za volti 12, mnyororo wa bodaboda, na tairi mbili za Bajaji za 4.00-8. Hanga ninayokitumia iko Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na mlangoni pana reli ya milango ya kusukuma. Reli hiyo inawasumbua watu kuliko ndege yenyewe.

Kosa la kwanza la wanaojenga vitu hivi ni kukimbilia mota kubwa. Hesabu haiwaungi mkono. Ndege ya kilo 1,000 kwenye zege tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, inahitaji nguvu ya kilo 15 hadi 20 tu ili iendelee kutembea. Mteremko wa asilimia 2 unaongeza kilo 20 nyingine. Kwa hiyo kilo 40 zinatosha, na kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu hizo hazifiki hata wati 300 kwenye tairi. Kinachokosekana ni kushika sakafu. Mpira juu ya zege kavu hushika takriban asilimia 60 ya uzito ulio juu yake, na zege ikilowa kiwango hicho kinashuka sana. Ukitaka kilo 40 za kuvuta, lazima kilo 67 zikae juu ya tairi zinazoendesha. Kwa 206 ya kilo 1,600 kwenye mteremko uleule unahitaji kama kilo 60 za kuvuta, yaani kilo 100 juu ya tairi. Kivuta chepesi chenye mota ya farasi watano kitachimba sakafu tu na kuacha alama nyeusi.

Ndiyo maana napenda betri nzito. Safari ya mita 30 inachukua chini ya dakika moja kwa ampea 15 hivi, kwa hiyo inakula kama robo ya ampea-saa, basi. Betri za 12 Ah zingetosha kwa umeme, ila zile za 26 Ah zina kilo 8 kila moja na zinakaa juu kabisa ya ekseli, mahali uzito unapohitajika. Kilichobaki najazia kwa ndoo ya zege ya kilo 20 iliyofungwa kwa bolti, na ndoo ya pili kwa siku za 206. Mchanga kwenye gunia haufai, kwa sababu unavuja na punje zake zinaingia chini ya tairi na kuwa kama gololi.

Mwendo ni jambo la pili. Tairi ya 4.00-8 ina kipenyo cha kama sm 41, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 1.29. Kupata kilomita 2.5 kwa saa unataka mizunguko 32 kwa dakika. Mota hizi za skuta zinatoka kwenye giaboksi yake na mizunguko kama 320, hivyo unapaswa kupunguza mara 10. Hapa kumefanywa kwa hatua mbili: sproketi ya meno 9 kwenye mota kwenda ya 28 kwenye shafti ya kati kwa mnyororo wa baiskeli, kisha ya meno 14 kwenda ya 45 kwa mnyororo wa 428 wa pikipiki. Shafti ya kati ni ya mm 20 kwenye beringi mbili za UCP204. Wanaotumia hatua moja tu huishia na mwendo wa kukimbia, na ndege ikianza kukimbia ndani ya hanga hakuna mkono unaoisimamisha.

Sproketi zote ziwe za kukaza, si za kuzunguka bure upande mmoja kama ya nyuma ya baiskeli, la sivyo rivasi haitafanya kazi. Tairi mbili zikifungwa kwenye ekseli moja bila difrensho (giya inayoruhusu kila tairi izunguke kwa kasi yake), zikae karibu. Hapa zimeachana sm 5. Zikiachana sm 40 kila kona inakuwa ugomvi na mikono yako. Upepo nauweka psi 15 hadi 20. Ukizidisha, tairi inarukaruka kwenye maungio ya zege.

Uma wa mbele ndio sehemu inayogusa ndege, na ndipo ubahili unapogharimu. Mikono yake ni chuma bapa cha mm 40 kwa 8. Ncha zake zimenakiliwa kutoka kwenye fimbo ya kuvutia iliyokuja na ndege, wala hazikukisiwa. Piper (ndege ndogo za kampuni nyingine) na Cessna hazishikwi kwa namna moja, kwa hiyo uma wa moja hauhami kwenda kwa nyingine bila kubadilishiwa ncha. Weka bushi za nailoni chuma kisikwaruze chuma, na springi ya kufungia. Springi hiyo ni ya lazima. Unaposukuma ndege kinyumenyume, nguvu ya mota inauinua uma na kushusha mpini. Unapovuta mbele, mpini ndio unaopanda, na utaukandamiza kwa kilo sita au nane hivi. Uma usio na kifungio unachomoka pale tairi kuu zinapopanda reli, na ndege inarudi nyuma yenyewe.

Urefu wa uma upimwe kwa timazi. Shusha uzi kutoka ncha ya spina (kofia ya katikati ya propela) hadi sakafuni, weka alama, kisha hakikisha tairi za kivuta ziko mbele ya alama hiyo kwa angalau sm 25. Kwenye 172 nafasi kati ya propela na sakafu inaweza kuwa sm 28 tu shokapu ya pua ikiwa imebonyea, kwa hiyo chochote kinachopita chini ya propela kisizidi sm 18 kwa kimo. Na kwa kuwa unainama pale kufunga uma, funguo ya magneto (kifaa kinachoipa injini cheche) itoke na mikscha (kitasa cha mchanganyiko wa mafuta na hewa) iwe imevutwa hadi mwisho kabla hujainama. Waya wa kuzimia magneto ukikatika, injini inaweza kuwaka kwa kusukumwa propela kidogo tu hata swichi ikiwa imezimwa. Uma upakwe rangi nyekundu na ufungiwe kitambaa kirefu kinachoonekana kutoka kiti cha rubani. Propela ikigonga chuma injini ikiwaka, Lycoming, mtengenezaji wa injini, kupitia waraka wake wa huduma namba 533 inataka injini ikaguliwe, na bili hiyo ingenunua vivuta vingi vya kiwandani.

Sasa kona. Kitabu cha 172 kinaruhusu gurudumu la pua ligeuzwe digrii 30 kila upande na si zaidi. Kivuta kifupi chenye mota hakihisi ukomo huo. Kinaendelea kupinda mpaka kitu kivunjike kwenye mfumo wa usukani. Kanuni ninayotumia ni hii: ukipima mita 1 kwa kufuata fremu kutoka gurudumu la pua, digrii 30 ni sm 50 kando ya mstari wa katikati wa ndege. Mimi sivuki sm 40. Kama mpini wako uko mita 1.5 kutoka gurudumu, ukomo ni sm 75, nawe ishia 60. Nimeweka mistari miwili ya utepe wa njano juu ya fremu inayonionyesha hilo bila kukisia. Kabla ya yote, ondoa kifungio cha usukani wa mkia, kwa sababu gurudumu la pua na pedali zimeunganishwa. Kwenye Piper muungano huo ni wa moja kwa moja, na ukigeuza pua unageuza mkia pia.

Umeme ndio ulionipa wasiwasi zaidi. Kontrola (visanduku vinavyoongoza kasi ya mota) za bei nafuu za skuta hutumia aksileta ya nyaya tatu: volti 5, negativu na ishara. Waya wa negativu ukikatika, ishara inapanda hadi juu na mota inakwenda kasi yote bila mkono wako kuwepo. Ni waya mwembamba unaokunjwa kila siku kwenye mpini, kwa hiyo kukatika kwake ni suala la muda tu. Dawa ni kitufe chekundu cha dharura kwenye mpini kinachokata umeme mkuu. Kukata ishara peke yake hakusaidii kitu. Fyuzi ya ampea 40 iwe ndani ya sm 20 kutoka pozitivu ya betri, na nyaya kuu za mm² 6. Rivasi hapa inafanywa kwa swichi inayobadilisha nyaya za mota; ukiigeuza mota ikiwa inazunguka, inatoa cheche na kuunguza ncha zake za shaba. Subiri gurudumu lisimame.

Na cheche hizo zinakumbusha jambo jingine. Mvuke wa avgas (petroli ya ndege) ni mzito kuliko hewa, unatulia sakafuni, palepale mota ilipo. Cessna ikijazwa mafuta hadi juu na jua likachoma, bomba la kupumulia tangi lililo nyuma ya mhimili wa bawa la kushoto huanza kudondosha. Pakiwa na dimbwi, fungua milango, futa, subiri pakauke, ndipo uwashe kivuta. Kuchaji nako kufanyike mbali na mabawa, kwa sababu betri za risasi zikichajiwa hutoa haidrojeni.

Tukirudi kwenye reli ya mlango. Kimo cha sm 2 kinaonekana si kitu, lakini kwa tairi ya ndege ya 6.00-6 kupanda ngazi hiyo kutoka kusimama kunadai nguvu ambayo kivuta hiki hakina. Watu hukimbiza ndege ili ipande kwa kasi. Shokapu ya pua inabonyea, mkia unaruka, na kitabu cha Cessna kinaonya juu ya hilo hasa kwa milango mifupi. Mkia wa 172 una kimo cha mita 2.7 hivi, na tairi ya pua au shokapu iliyopungua upepo inauinua zaidi. Jibu ni kabari za bati nene au mbao zenye mwinuko wa sm 2 kwa urefu wa sm 40, pande zote mbili za reli, kwenye njia za magurudumu yote matatu. Hata kwa kabari, mwinuko ni asilimia 5, na kwa tairi kuu zinazobeba karibu kilo 900 hiyo ni kilo 45 juu ya zile za kawaida. Kwa kifupi, kwenye reli ndoo ya pili inahitajika hata kwa 172.

Sakafu nyingi za hanga zimeinama kuelekea nje ili maji yatoke, kwa hiyo kuingiza ni kupanda. Ni kupanda kinyumenyume, nawe umesimama mbele ya pua huuoni mkia. Chora mstari wa gurudumu la pua, kisha funga gogo la mbao la sm 5 kwa 10 sakafuni pale tairi kuu zinapotakiwa kuishia. Gogo lisimamishe tairi zote mbili kwa wakati mmoja, vinginevyo ndege inajipinda na ncha ya bawa inatafuta ukuta.

Nimekilinganisha na njia mbili nyingine za kujitengenezea. Kile cha kuendeshwa kwa drili ya betri kinafaa Cessna 150, ambayo haizidi kilo 726. Kwa 172 drili inapata joto haraka, na ukirudi kinyume koleo la drili linalegea. Winchi ya volti 12 iliyofungwa ukuta wa nyuma, kamba yake ikigawanyika kwenda miguu mikuu miwili, inaingiza ndege vizuri kuliko kivuta chochote kwenye mteremko, wala haitelezi. Lakini haitoi ndege nje, ni ya polepole, na bado mtu lazima ashike fimbo ya pua kuongoza. Mwenye sakafu yenye mwinuko mkali achukue winchi. Injini ya petroli sikuifikiria: Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 16 ya nguvu, halafu moshi wote unabaki ndani.

Udhaifu mkubwa wa kivuta hiki ni kwamba hakina breki. Mnyororo ukikatika kwenye mteremko, hakuna kinachoishika ndege isipokuwa choksi (vizuizi vya kuweka chini ya tairi) zilizo mkononi mwa msaidizi. Ningekijenga upya, ningeacha mota ya skuta na kutafuta mota mbili za kiti cha magurudumu cha umeme. Hizo zina breki ya sumaku inayofunga yenyewe umeme ukikatika, kontrola yake inajua rivasi bila swichi ya cheche, na kila mota inazungusha tairi yake, kwa hiyo hata kona zinakuwa nyepesi. Kagua tu kama kile kijiwiko cha kufungua breki kwa mkono hakijaachwa wazi, maana kikiwa wazi breki haipo.