Miezi tisa na programu ya kuacha pombe: kile nilichoiambia simu, na kile simu ilichokuwa inajua

Niliipakua saa nane usiku, Malaba, upande wa Uganda mpakani na Kenya, nikiwa nimelewa. Nadhani wengi huipakua katika hali hiyo hiyo. Jina lake silitaji kwa sababu nitaisema vibaya kidogo, na zipo nyingi zinazofanana nayo: kila jioni inakuuliza kama umekunywa, inahesabu siku zako bila pombe, ina daftari la hisia, mazoezi ya kupumua na masomo mafupi ya video. Sehemu ya bure inatosha. Ya kulipia inataka kadi ya benki, na mimi kadi sina.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mpaka huu haulali. Malori yanapanga foleni, dereva anadai karatasi zake, mfumo ukikwama wote tunakaa kwenye mabenchi kungoja, na mabenchi yenyewe ni ya baa. Nilianza na ajon, ile pombe ya ulezi ya Wateso inayonyonywa kwa mirija mirefu, ambayo ni pombe ya mazungumzo. Nikaishia kwenye waragi, pombe kali ya kwetu, ambayo haihitaji mtu wa kuzungumza naye. Vipakiti vya plastiki vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ya mililita 200 inaingia mfuko wa koti bila shida.

Usiku ule programu iliniuliza nataka nini: kupunguza au kuacha. Nikabonyeza "kuacha leo". Ikanimwagia karatasi za rangi kwenye kioo, pongezi. Haikuuliza kuhusu mikono yangu. Siku mbili baadaye nilipofika kituo cha afya, swali la kwanza la musawo, yaani mganga wa kituo, lilikuwa hilo: asubuhi mikono inatetemeka kabla hujanywa? Inatetemeka. Basi akanikataza kabisa kuacha peke yangu nyumbani. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na wengine hufa. Nililazwa siku tano nikipewa dawa. Kama unasoma hapa na mikono yako ni kama yangu, pita hospitali kwanza, programu itakusubiri.

Kilichonipeleka kwa musawo hata hivyo hakikuwa pombe. Kilikuwa ni kuamka. Tangu kaka yangu afariki nilikuwa naamka saa kumi alfajiri na kulala macho wazi mpaka kuche, sina hamu ya chakula wala ya watu. Sisi tunaita mawazo. "Ana mawazo mengi," na yanaishia hapo. Musawo alinipa dodoso la kupima huzuni kubwa, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 3, jumla 27, na zikiwa nyingi ndiyo mbaya. Nilipata 17. Programu nayo ilikuwa na dodoso hilo hilo, kwa Kiingereza, na usiku ule nilikuwa nimepata 11.

Tofauti hiyo ilimfurahisha musawo kuliko nilivyotarajia. Akataka tuyapitie moja moja. Swali la tisa linauliza ni mara ngapi umeona ni afadhali ufe au ujidhuru. Kwenye simu nilikuwa nimeweka sifuri. Kwake niliweka mbili. Akaniuliza kwa nini simu niliificha. Nikamwambia ukweli: katika sheria zetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na mimi sijui majibu yangu yanakaa kwenye kompyuta ya nani, nchi gani. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini mtu wa Malaba atamshitaki nani? "Baba Rehema," akasema, "kuwa na wazo si kosa. Lakini ulifanya vizuri kuniambia mimi." Kisha akaniomba nimwonyeshe kitufe chekundu cha dharura ndani ya programu. Tukakibonyeza pamoja. Kinapiga 988, namba ya msaada ya Marekani, na kwa laini yangu haiendi popote. Akachukua simu, akaandika namba ya kituo na ya shemeji yangu kwenye ukurasa wa mbele. Hilo ndilo boresho kubwa zaidi ambalo programu ile imewahi kupata.

Ushauri wake nao! Ukishikwa na hamu, inasema, oga maji ya moto, tembea kwenye bustani. Jioni hapa ukitembea mita mia mbili kati ya malori umepita baa kumi na mbili na wote wanakujua jina. Video zinakula MB, na MB tunazilipia kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Kiswahili hakimo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Wenye programu habari haijawafikia.

Sasa nije kwenye kifaa kilichonisaidia kweli, ambacho hakuna aliyekitengeneza kwa ajili ya walevi.

Kikao cha pili musawo aliniuliza nakunywa lini. Nikasema usiku wa kazi, kwa sababu ya kazi, foleni, madereva. Daftari la hisia kwenye programu lilisema hivyo hivyo, maana mwandishi ni mimi. Akaniuliza nalipaje. Kwa simu, nani siku hizi anatembea na noti usiku? Akasema basi tuombe taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Ikaja. Malipo 71 kwa namba moja ya mwenye baa, shilingi 640,000 hivi, zaidi ya karo ya muhula ya binti yangu. Nilitaka kutoka nje. Lakini musawo hakuwa anaangalia jumla, alikuwa anaweka alama kwa kalamu pembeni mwa tarehe. Malipo makubwa hayakuwa ya usiku wa foleni. Yalikuwa ya Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi.

Jumapili sina kazi. Jumapili ndiyo siku tuliyokuwa tunakwenda shambani na marehemu kaka.

Miaka miwili nilikuwa nalaumu mpaka wa Malaba.

Kuanzia hapo tiba ikawa na mahali pa kushika. Jumamosi jioni pesa zote zinakwenda kwenye laini ya mama watoto, nabaki na elfu mbili. Jumapili ina kazi moja ndogo iliyoandikwa tangu Alhamisi: kuosha pikipiki, kumpeleka Rehema kwa bibi yake, baadaye hata shambani kwenyewe. Kufanya kwanza, hamu itafuata. Hivyo ndivyo alivyonieleza, na wiki tatu za mwanzo hamu haikufuata popote. Katikati ya vikao, vilivyokuwa kila baada ya wiki mbili, alinitumia sauti kwa WhatsApp, dakika mbili au tatu, Kiswahili kilichochanganyika na Kiteso. Ninayoirudia mpaka leo inasema hamu ya pombe hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, usipigane nayo, kaa nayo hapo benchi uihesabu. Nimeisikiliza kwa spika ya sikioni moja huku dereva wa Mombasa akinitukana kuhusu karatasi zake. MB inazokula hazionekani.

Kundi la WhatsApp la wagonjwa lilidumu majuma matatu. Sala za asubuhi, matangazo ya sabuni, kisha mmoja akatuma picha ya chupa. Musawo akalifunga na kutuita tukae ana kwa ana chini ya mwembe. Alisema vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye huzuni kubwa vilipimwa hapa hapa Uganda, vijijini Masaka na Rakai, matokeo yakachapishwa mwaka 2003 na yalikuwa mazuri, na wenyeji wa huko, wanaosema Kiganda, walikuwa na neno lao kabla ya dodoso lolote: okwekyawa, kujichukia. Mzee mmoja aliposikia neno hilo alinyamaza kikao kizima. Mimi vilevile.

Niitendee haki programu: swali lake la jioni, saa moja kamili, nimelizoea kama adhana. Dodoso nalijaza kila baada ya wiki mbili, kwa ukweli sasa, na ule mchoro wa mstari unaoshuka kutoka 17 hadi 6 musawo huutazama kabla hajaniuliza habari. Kinachoniudhi ni kihesabu siku. Siku ya 41 nilikunywa, nikakiri, namba ikarudi sifuri mbele ya macho yangu, kana kwamba siku 40 sikuziishi. Nikasema basi, kama ni sifuri ni sifuri. Nilikunywa siku nne mfululizo. Musawo alisema huko kujikatia tamaa baada ya kuteleza ndiko kunakoangusha watu zaidi ya glasi ya kwanza, na aliyetengeneza kile kihesabu angekuja amsikilize.

Nikaanza upya. Siku ya 13 nikateleza tena, chupa moja, mchana. Jioni Rehema alikuwa anacheza mchezo kwenye simu yangu. Ana miaka kumi na moja, Kiingereza anakisoma kuliko mimi. Saa moja swali likajitokeza juu ya mchezo wake: umekunywa leo? Aliniangalia. Nilikuwa nimekaa pale pale, nanuka. Akabonyeza "hapana", akaendelea na mchezo.

Sijairekebisha. Leo inaonyesha siku 214. Mimi na Rehema tunatoa kumi na tatu.