Mmarekani au Mjerumani? Magari saba ya kasi, na lipi la kununua kwanza

Wapenzi wa magari ya kasi wakikaa watatu tu, ubishi huu hauchelewi. Mmoja atasema Mmarekani anakupa farasi wengi, yaani nguvu nyingi za injini, kwa pesa chache. Wa pili atajibu kwamba Mjerumani ndiye anayejua kona. Wa tatu atataja muda wa Nürburgring, ule uwanja mrefu wa mbio wa Ujerumani, alioukariri kama jedwali la kuzidisha. Kila mmoja ana ukweli wake, na hakuna aliyekusaidia kununua gari.

Mimi huanza na swali moja: gari likiendeshwa kwa nguvu zake zote, ikifika dakika ya kumi na tano joto linakwenda wapi? Gari lolote la farasi 400 linapendeza kwa dakika mbili. Baada ya hapo oili inapanda joto, pedi za breki zinaanza kunuka, na kompyuta inaamua kukunyima nguvu ili injini isife. Kinachopikwa ndicho kinachochakaa, kwa hiyo jibu la swali hilo linakuonyesha pia bili ya fundi miaka mitano ijayo.

Orodha hii ni ya mtu anayenunua gari moja la kasi, jipya au lililotumika, la kuendesha barabarani siku nyingi na kulipeleka saketi (uwanja wa mbio za magari) mara chache kwa mwaka.

Kwanza tusafishe namba. Wajerumani huandika nguvu kwa PS, Wamarekani kwa hp, na vipimo hivyo havilingani: PS 450 ni sawa na hp 444 hivi. Tofauti ni ndogo, ila imeshavunja urafiki. Oktani, namba ya petroli inavyostahimili kulipuka kabla ya wakati, nayo inachanganya zaidi. Marekani namba ya kwenye pampu ni wastani wa vipimo viwili, wakati sehemu kubwa ya dunia hutumia RON, kimoja kati ya hivyo viwili, peke yake. Petroli inayoitwa 93 Marekani inakaribia 98 ya RON. Ukisoma kitabu cha gari la Kimarekani kinachotaka 93 ukajaza RON 93, unaitesa injini huku ukidhani umetii.

Tofauti ya shule hizi mbili inaonekana ukifungua injini. V8 (injini ya silinda nane za umbo la V) ya Corvette ya Kimarekani ina kamshafti moja, shafti inayofungua valvu, iliyolala katikati ya bloku, inasukuma valvu 16 kwa fito. Ni muundo wa zamani, lakini injini inatoka fupi na nyepesi kwa ujazo wake, na ina vitu vichache vya kuharibika. V8 ya BMW M3 ya 2007 hadi 2013 ina kamshafti nne na valvu 32, na inazunguka kupita mara 8,000 kwa dakika. Mmarekani anaongeza ujazo, Mjerumani anaongeza mizunguko. Ya pili inaimba vizuri zaidi, sikatai. Ila kila wimbo una bei yake.

1. Chevrolet Corvette C8 Stingray yenye kifurushi cha Z51

Corvette ilizaliwa 1953, na hadi modeli ya 2020 kila iliyouzwa ilikuwa na injini mbele. C8, yaani kizazi cha nane, ndiyo iliyoihamishia nyuma ya viti. Ina V8 ya lita 6.2 isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini), farasi 495, na giaboksi ya klachi mbili yenye gia nane. Gia za mkono hazipo kabisa, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Nimeiweka juu kwa sababu ya joto. Oili haikai chini ya injini kama maji kwenye karai. Pampu inaivuta hadi kwenye tangi lake, kwa hiyo kona ndefu ya kasi haiwezi kuirundika upande mmoja ikaacha beringi kavu. Z51 inaongeza breki kubwa, ubaridi wa ziada na difu ya kielektroniki inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma. Ukiona C8 inauzwa bei ya kuvutia bila Z51, ujue kilichopungua ni hivyo hivyo ulivyovifuata.

Angalia kitabu cha matengenezo. Magari ya mwanzo yalitakiwa kubadilishwa chujio la giaboksi mapema, kwenye kilomita 12,000 hivi, na wapo wamiliki waliodhani ni ushauri tu.

Anayetaka kukanyaga klachi atafute dada yake mkubwa wa kizazi kilichotangulia, C7 Grand Sport ya 2017 hadi 2019: farasi 460, gia saba za mkono, upana na breki za Z06, ile C7 kali zaidi, bila supachaja yake (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe). Supachaja ndiyo iliyoipa Z06 ya 2015 na 2016 sifa mbaya ya kuchemsha kwenye saketi, pamoja na farasi wake 650. Nikipewa zote mbili kwa bei moja, nachukua Grand Sport na silali nikijuta.

2. Porsche Cayman

Wengine wangeliweka la kwanza, na siku nyingine hata mimi ningefanya hivyo. Injini iko katikati, uzito ni mdogo, na usukani unakueleza barabara ilivyo kokoto kwa kokoto. Farasi ni wachache kuliko wa Corvette, lakini breki na tairi hazibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo joto linakuwa dogo tangu mwanzo.

Hapa mwaka ni kila kitu. Injini nyingi za Porsche za silinda sita zilizolala, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008, zina beringi ya shafti ya kati inayoweza kusagika na kuondoka na injini nzima. Kuanzia modeli ya 2009 injini zikabadilishwa na shafti hiyo ikatolewa. Kwa hiyo Cayman ya 2008 na ya 2009, ambazo mtu wa mbali anaziona pacha, mimi naziona ni magari mawili. Chukua ya 2009 kuja juu. Kizazi kilichofuata, kilichoanza kuuzwa 2013, kina silinda sita bado na ndicho ninachokishauri kwa wengi. Mwaka 2016 zikaja Cayman zilizoitwa 718, za silinda nne zenye tabo: zina mbio, zinakata kona vilevile, sauti ndiyo hiyo ya kuvumilia. GTS 4.0 ya 2020 ilirudisha silinda sita, PS 400, bila tabo. Kama mfuko unaifikia, acha kusoma hapa.

Kabla ya kulipa, omba ripoti ya kompyuta ya injini. Porsche hurekodi mara ngapi injini imezungushwa kupita kiwango na katika saa gani ya uhai wake. Mtu aliyekosea akatia gia ya pili badala ya ya nne hawezi kulificha kosa hilo hata angelipaka gari rangi upya.

3. Chevrolet Camaro SS 1LE

Hili ndilo linalowaaibisha wengi. V8 ya lita 6.2, farasi 455, vipoza joto vya oili ya injini, giaboksi na difu kutoka kiwandani, breki za Brembo, tairi pana za kushika lami. Unaliendesha saketi mchana kutwa, unarudi nalo nyumbani. Kwa pesa, hakuna Mjerumani anayelikaribia.

Sasa ukae ndani. Madirisha ni membamba kama tundu la sanduku la barua, nyuma huoni, pembeni unabahatisha. Siti ya nyuma ni ya mkoba. Na kama uko nchi ambayo watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, Chevrolet haikuunda Camaro ya usukani wa kulia. C7 pia ni ya kushoto tu. C8 na Mustang za kuanzia 2015 ndizo zinazotoka kiwandani na usukani wa kulia, wakati Wajerumani walio kwenye orodha hii wanatoka na pande zote mbili. Kwa wengine jambo hili peke yake linamaliza ubishi.

4. BMW M2 na M3

M2 Competition ya 2018 hadi 2021, silinda sita za mstari mmoja, tabo mbili, PS 410, ndiyo ningeinunua. Ni fupi, ina hasira, na gia za mkono zilipatikana. M2 ya 2023 ina nguvu zaidi na ubaridi mzuri sana, ila imenenepa hadi kilo 1,700 hivi.

M3 ya V8 niliyoitaja juu ni ya moyo, na moyo una gharama. Beringi za konrodi huchakaa kabla ya wakati, na wamiliki wenye busara huzibadilisha kabla hazijalia, kama mtu anavyobadilisha mkanda wa taimingi. Muuzaji akisema zimebadilishwa, omba risiti. Akisema hazihitaji, punguza bei kwa kiasi cha kazi hiyo au ondoka. M3 iliyotangulia, ya silinda sita na PS 343, tazama chini kwa nyuma: bodi hupasuka pale subfremu ya nyuma inaposhikizwa.

Namba ya chasi ya M3 au M2 halisi huanza na WBS. Kuna 3-Series nyingi za kawaida zilizovalishwa bampa na beji za M3. Ila M2 ya 2023 usiitafutie W mwanzoni, kwa sababu inaundwa San Luis Potosí, Mexico. Dodge Challenger nayo, huyo Mmarekani wa kupiga kifua, iliundwa Brampton, Kanada, na giaboksi yake ya otomatiki ya gia nane ni ya asili ya ZF, kampuni ya Kijerumani. Mkiendelea kubishana uzalendo, mimi naendelea na oili.

5. Ford Mustang GT

Nunua ya 2018 au baada yake: V8 ya lita 5.0, farasi 460, na springi za nyuma zinazojitegemea kila gurudumu, jambo ambalo Mustang zote zilipata kuanzia 2015. Spea zimejaa, fundi wa kawaida anaielewa, na inavumilia petroli ya chini kuliko Wajerumani, ingawa nguvu zake kamili zinataka ile ya juu. Bila Performance Pack, kifurushi cha kiwandani cha mbio, breki na ubaridi ni vya barabarani, si vya saketi. Na tafadhali, ukitoka kwenye mkusanyiko wa magari, usikanyage mafuta usukani ukiwa umekunjwa.

6. Mercedes-AMG C63 ya 2008 hadi 2014

V8 ya lita 6.2 bila tabo ndani ya sedani ndogo, PS 457. Sauti yake inamaliza maneno. Lakini injini za miaka ya mwanzo, hadi karibu 2011, zina bolti za silinda hedi zinazoweza kuliwa na kutu na kukatika, maji yakaingia kwenye silinda. Tafuta ya mwisho mwisho au yenye ushahidi wa bolti mpya. C63 iliyotangazwa 2022, yenye silinda nne na mota ya umeme, ina PS 680 na uzito unaopita kilo 2,100. Nimeisikiliza. Nimerudi kwa ya zamani.

7. Dodge Challenger Hellcat

Farasi 707 ilipotoka modeli ya 2015, tani mbili za chuma, na funguo mbili: nyekundu inafungua farasi wote, nyeusi inabakisha 500. Mbio za robo maili za mstari ulionyooka ndizo nyumbani kwake. Kwenye kona nyingi inachosha breki haraka, basi nimeiweka mwisho, na bado naipenda.

Porsche 911 nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa Cayman inakupa sehemu kubwa ya raha yake kwa pesa pungufu. Audi RS3 ni nzuri kwa mvua na kwa familia, silinda zake tano zina sauti ya peke yake, basi.

Ukishachagua, nenda ukalitazame gari likiwa baridi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, na tairi ya miaka saba kwenye gari la farasi 450 ni hatari hata ikiwa na meno yote. Angalia kama tairi nne ni za aina moja. Aliyebana pesa kwenye tairi amebana na kwenye oili.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza rafiki kutazama sedani ya Kijerumani ya V8. Tulishakubaliana na muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika. Tulilikuta limeoshwa, boneti linang'aa. Nikaweka kiganja juu yake kama ninavyopima homa ya mtoto. Lilikuwa la moto. Muuzaji akasema ni jua. Gari lilikuwa kivulini.

Tukakaa hadi lilipopoa, naye akawa anatazama saa yake kila mara. Likawaka na mlio wa tiki-tiki juu upande wa kushoto, kama cherehani, ukadumu sekunde arobaini hivi kisha ukapotea. Sekunde hizo ndizo alizotaka tuzikose. Rafiki yangu aliondoka na pesa zake mfukoni, na wiki sita baadaye akanunua Camaro. Mpaka leo analalamika kwamba haoni nyuma.